Pini Zina Mto Wao

Mkono wa fundi cherehani ulinyanyuka na pini, ukaikaribia midomo, ukasita. Binti yake wa miaka mitatu alikuwa akimtazama. Juma lililopita mtoto huyo alimwiga mamaye kubana pini midomoni, nusura ameze moja.

Ndipo mama alipomwendea mtabibu anayetibu kwa maneno, mgonjwa akiwa nusu usingizini, amwachishe tabia hiyo. "Mdomo wako ni wa maneno," mtabibu alimwambia taratibu, tena na tena. "Pini zina mto wao."

Sasa mkono ukashuka wenyewe, ukaichomeka pini kwenye mto wake mdogo wa kitambaa.

"Geuka kidogo, dada," fundi akamwambia mteja aliyekuwa akijaribu gauni.

"Makubwa!" mteja akacheka. "Kumbe una sauti! Miaka yote hii unanigunia tu."

Mtoto akaokota pini sakafuni, akaitazama midomo mitupu ya mamaye.

"Mama, nipe mto."