Kicheko cha Mkahawani

Mkahawa mzima ulikuwa ukicheka. Kwenye kichekesho cha televisheni, mvuta bangi alikuwa akimpa mbuzi shikamoo. Bi Zuhura, mpishi wa chapati, alitoka jikoni akasimama mbele ya kioo cha televisheni.

"Ondoka hapo, mama!" alifoka Mshindo, dereva wa lori. "Bangi haijaua mtu."

"Mwanangu Mbaraka alivuta hii kali ya siku hizi. Hakumwamkia mbuzi. Alinishikia panga usiku kucha akiniita jini."

"Basi alikuwa na wazimu wake. Usisingizie majani."

"Alikuwa fundi saa! Mbona hao wachekeshaji hawamwonyeshi mama wa mvutaji?"

"Mama yake hachekeshi," Mshindo alijibu, na wenzake wakaangua kicheko.

Mwenye mkahawa akamwamuru Bi Zuhura arudi jikoni au aende zake. Bi Zuhura alivua aproni yake yenye unga, akaitupa juu ya mchuzi wa Mshindo, akatoka.

Mbaraka alikuwa kwenye benchi la nje, alikozoea kumngoja mama yake. Alisikia vicheko vile, naye akaanza kucheka. Wateja waligeuka kumtazama, vicheko vyao vikakatika. Mtu akazima televisheni. Mbaraka aliendelea kucheka.