Salamu Ndefu za Mzee Yafesi

"Una ujumbe mmoja mpya," alisema yule mama wa kwenye mashine, na hapohapo akaanza kula vocha ya Ketura.

Mji mzima wa Bwera unalalamika. Kampuni ya simu ilizoea kukulipisha ukipiga. Siku hizi inakulipisha hata ukitaka kusikiliza ulichoachiwa. Wizi mtupu, lakini utafanya nini? Jana, siku ya soko, simu ya Ketura iliisha chaji mchana kutwa, na Mzee Yafesi akachagua mchana huohuo kumpigia.

Mzee Yafesi ni katibu wa soko, tena mzee wa kanisa. Soko jipya lenye paa limekwisha kujengwa, nafasi ni chache, na orodha ya waliopata anayo yeye. Ketura anauza unga wa muhogo chini, kwenye turubai, na mvua ya milimani haipigi hodi. Mwezi huu pekee imemharibia magunia mawili. Leo saa tisa lori la muhogo linashuka kutoka Kyondo: akiwa na paa atachukua magunia kumi, bila paa atachukua mawili na kuendelea kuangalia mawingu. Mzee mwenyewe alfajiri amekwenda Maliba kuzika, na simu kaizima. Jibu lilikuwa ndani ya ujumbe tu.

Shida ni kwamba Mzee Yafesi ni mtu wa salamu.

Alianza na Bwana asifiwe. Akasema yeye ni Yafesi, ameokoka, akaeleza aliokoka mwaka gani, katika mkutano gani pale Kasese, na mvua ilivyonyesha siku hiyo. Alipofika kwenye ubatizo, vocha ikakata.

Ketura akavuka barabara hadi kwenye mwavuli wa Jonan, fundi simu na muuza vocha, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mpole kupita kiasi. Karibu na turubai la Ketura kuna wauza vocha wengine wawili, lakini huu ni mwaka wa pili anawapita na kwenda kwa Jonan, kwa sababu anazozijua mwenyewe. Akaomba ya mia mbili. Jonan akamuuliza kama ameusikiliza ujumbe mpaka mwisho. Ketura akamjibu kwamba mwisho bado mbali, Mzee ndiyo kwanza anaokoka.

Ujumbe ukaanza upya, kuanzia Bwana asifiwe. Safari hii Mzee alivuka ubatizo, akauliza hali ya mguu wa mama yake Ketura, akawaulizia mbuzi, akaingia kwa jirani Evas aliyejifungua mapacha. Pacha wa kwanza alisalimiwa. Wa pili vocha haikumfikia.

"Weka ya elfu moja, dada," Jonan alimshauri. "Usikilize yote mara moja."

Hapo Ketura akapandwa na hasira. Akamwambia waziwazi kwamba yeye na kampuni ni baba mmoja mama mmoja, kila mtu akikatikiwa yeye anapata kamisheni, ndiyo maana hataki kumwonyesha namna ya kuruka hizo salamu. Jonan akaapa kwamba hakuna namna. Tangu asubuhi alikuwa anafuta kioo cha simu moja ileile, na jasho linamtoka. Ketura akaona ni dhamira inamsuta, na akafurahi kidogo.

Kwa ubishi akaweka mia tatu tu. Mzee akaokoka, akabatizwa, mguu, mbuzi, mapacha wote wawili. Kisha akakohoa. "Basi, dada Ketura, kitu imefanya nikupigie iko..."

Kimya.

Ketura alitaka kulia, akajikuta anacheka mpaka mbavu zinauma. Saa tisa kasoro robo, na pochini hakuna kitu ila pesa ya muhogo, ambayo aliapa hataigusa. Jonan alichukua simu yake, akabonyezabonyeza, na elfu mbili zikaingia kwenye simu ya Ketura.

"Hii iko zawadi," alisema, macho chini. "Sikiliza tu."

Kumbe hata wezi wana aibu, Ketura alijisemea. Akasimama palepale, kidole kimoja kwenye sikio la pili, akamvumilia Mzee aokoke kwa mara ya nne.

"Basi, dada Ketura, kitu imefanya nikupigie iko mambo mbili. Ile kidogo ni ya soko. Umepata nafasi, iko karibu na mulango."

Ketura akapiga kigelegele hadi wanawake wa ng'ambo ya barabara wakageuka. Magunia kumi! Lori nalo hilo, linapiga honi kwenye kona. Akashusha simu ili akate, akimbie.

"Usikate," alisema Jonan, kwa sauti ambayo Ketura hakuwahi kuisikia kwake.

Akairudisha sikioni.

"Ile kubwa ni hii. Mimi nimetumwa, maana jambo kama hii mutu haisemi na kinywa yake mwenyewe. Iko mwanaume anataka kukuoa. Anakuona kila siku, na kila siku ulimi inamukauka. Ni Jonan, huyu wa vocha. Hataki kukusumbua. Kama humutaki, usimwambie kitu. Nunua tu vocha kwa mutu mwingine, yeye ataelewa. Mungu akubariki."

Lori likapiga honi tena. Jonan alikuwa ameinamia kioo chake, anakifuta.

Ketura akafungua pochi, akachomoa noti kwenye pesa ya muhogo, akaiweka mezani mbele yake.

"Niwekee ya mwezi mzima," alisema.