Kichwa cha Nusu

Saa mbili na robo asubuhi, mbele ya mashahidi wawili, yaani mama mzazi na kuku mmoja aliyekuwa akipita, Kiroboto alikamatwa.

"Kaa," dada yake alisema, akambana katikati ya magoti.

Mtu akishaingia katikati ya magoti ya dada hatoki mpaka hukumu itimie. Na hukumu ya siku hiyo ilikuwa nzito: mistari kumi na miwili ya kulala nyuma, myembamba, ya kusukwa kwa rasta. Kiroboto alikuwa na miaka kumi, na jina lake hakupewa kwa hisani. Hata chakula alikila akitembea.

"Dada, unaninyonyoa!"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa hiyo inama."

"Mimi sikutaka chochote cha mvunguni!"

"Inama."

Aliinama. Kutoka kifungoni dunia ilionekana kwa chini tu: ufa wa sakafu, mguu wa mama ukikanyaga cherehani, na magurudumu ya sanduku jipya lililosimama mlangoni.

Sanduku lilikuwa la dada. Gari la kumpeleka uwanja wa ndege lingefika saa saba. Kesho yake angeanza kazi katika saluni ya ng'ambo, mkataba wa miaka mitatu, na asipotokea, nafasi ingekwenda kwa mwanamke wa pili kwenye orodha. Kazi hiyo aliisubiri tangu Kiroboto ana meno ya utotoni. Lakini aliahidi kumwacha mdogo wake na kichwa safi, na zile saa karibu tano zilitosha kabisa.

Tena mtaa mzima ulijua kuwa dada haachi kichwa cha nusu. Ilikuwa sheria yake moja, na aliishika kama kiapo. Jiko la jirani liliposhika moto, alimhamishia mteja uani pamoja na kigoda chake, akaendelea na mstari pale alipoishia.

Mistari minne ilipotimia, aliinuka kwenda kutafuta pasipoti. Nje, wenzake Kiroboto walikuwa wakiruka kamba.

"Kiroboto! Toka, mlango si uko wazi?"

Mlango ulikuwa wazi kweli. Mfungwa yeyote mwenye akili timamu angetimua mbio. Kiroboto alibaki kwenye kigoda, ameinamisha shingo kama mwali. Mkono wa dada ulijulikana kwa makofi.

Dada aliporudi, alipapasa kisogo.

"Mbona huu umelegea?"

"Mimi nitajua wapi? Macho yangu yako mbele."

Dada akaufumua, akaanza upya.

Saa tano, shangazi alipiga simu kuaga. Dada akaenda kuongea dirishani kwenye mtandao mzuri. Aliporudi, miwili ilikuwa imelegea.

"Utanimaliza mwaka gani?" Kiroboto alilia kwa sauti iliyovuka ukuta wa jirani. "Shingo imekufa! Makalio yamekufa! Nitazikwa nimekaa!"

"Kelele. Nywele zako zinateleza kama sabuni."

Mguu wa mama ukatulia kwenye cherehani.

"Mwanangu," mama alisema polepole, "si nywele hizo. Ni mikono. Mikono yako haitaki kwenda."

"Nataka, mama."

"Basi mbona leo unasuka kama uliyejifunza jana?"

Dada alisuka tu. Vidole vilikuwa vikikaza kuliko kawaida, mpaka nyusi za Kiroboto zikapanda juu kama za mtu aliyeshangaa. Mara majirani wakaja kuaga, dada akatoka kuwakumbatia kibarazani mmoja mmoja, na alipokaa tena akakuta mwingine umeachia.

Saa saba kamili, honi. Viatu vyeusi vya dereva vikatokea karibu na sanduku.

"Tayari, dada?"

"Dakika tano."

Baada ya dakika tano, viatu vikarudi. Baada ya kumi na tano, vikarudi tena.

"Dada, mimi nina huruma. Ndege haina."

"Mwache hivyo hivyo," mama alisema. "Nitamfunga kitambaa."

"Kichwa cha nusu? Mama, unanijua. Nikianza safari hivyo sitafika popote."

Tone la moto likamwangukia Kiroboto shingoni, kisha la pili. Alidhani ni jasho, mpaka aliposikia pua ikivutwa.

"Labda ni kweli," dada alinong'ona juu ya utosi wake. "Labda mikono yangu ndiyo haitaki. Samahani, mdogo wangu. Nimekutesa kutwa nzima."

Kiroboto aliinama zaidi, bila kuambiwa.

Vidole vikarudi kazini, vya haraka sasa, vile vya siku zote. Mstari wa kumi. Wa kumi na moja. Wa kumi na mbili ukateremka kutoka kwenye paji la uso, ukapita sikio, ukafika shingoni, ukafungwa.

"Haya! Bado kuchovya ncha kwenye maji ya moto tu." Dada aliruka juu, akijifuta macho kwa kiganja. "Mama, epua sufuria! Namwambia dereva apakie sanduku!"

Magurudumu yakabingirika, yakapotea nje ya kizingiti. Mama akakimbilia jikoni. Sebule ikabaki tupu.

Kiroboto alisikia buti la gari likifunguliwa. Akapeleka vidole kisogoni, akaupata mstari wa kumi na mbili, akaanza kuufumua haraka haraka, kama alivyoifumua mingine yote.