Tausi na Sanduku Lake

Alikuwapo Tausi aliyeuza manyoya ya mkia wake kwa njia ya posta. Kila unyoya aliufunga kwenye sanduku kubwa kama kabati, ili mteja ajue amenunua kwa nani.

Punda, mpeleka vifurushi, akadai manyoya matatu kwa kila sanduku.

"Mwizi wewe! Unyoya una uzito gani?"

"Hauna, bwana. Lakini sanduku lako limejaza mgongo wangu wote. Tia kwenye bahasha, nikupelekee kumi kwa unyoya mmoja."

"Bahasha ni za akina kunguru!"

Akang'oa, akalipa. Akang'oa tena. Wiki haikuisha, mkia ukaisha. Akaenda posta kufoka kwamba wamemfilisi.

"Kaa pembeni, kuku," Punda akamwambia. "Namsubiri Tausi."