Sega la Mwisho

Zamani, wanyama walipokuwa bado wakijifunza kazi majumbani kwa mafundi, Ngedere alikwenda kwa mzee Nyegere kujifunza ufugaji wa nyuki. Ngedere alikuwa mwepesi wa mikono. Nyegere alikuwa mzito wa maneno. Mwaka mzima mwanafunzi alichonga mizinga, akafukiza moshi, akakata masega. Kila walipovuna, Nyegere aliacha sega moja ndani, kisha akaufunga mzinga.

"Maskini, mzee haoni tena vizuri," Ngedere aliwaza, akanyamaza asije akamwaibisha.

Siku ya kuagana, Nyegere alimpa mzinga wenye nyuki. Ngedere akauvuna peke yake, asibakize hata tone.

"Njooni muone!" akawatambia jirani zake. "Nimempita fundi wangu!"

Masika yakaja, maua yakapukutika, nyuki wakakosa chakula. Asubuhi moja wakahama wote.

Ngedere alirudi kwa fundi akilia. "Mwalimu, nyuki wangu wameondoka."

"Uliwaachia sega lao?"

Ngedere akainamisha kichwa. "Kumbe lilikuwa lao? Mimi nilidhani hulioni."

"Mwaka mzima, mwanangu? Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuonea huruma."

Nyegere akasema taratibu, "Na mimi nilikuona unalitazama kila mara, nikadhani umeelewa."

Mzinga ule bado unaning'inia mtini. Kila asubuhi Ngedere hupanda, huutegea sikio, halafu hushuka polepole.