Futi ya Bahiya

Siku hiyo mjinga alikuwa Talal, na mwenyewe hakatai. Mguu ulioganda damu mwaka jana ulimuuma tena, naye akakaa barazani anauchua kwa mafuta ya karafuu, ilhali daktari alishamwonya asiuchue: donge likipanda mapafuni, basi.

Mkewe, Bahiya, akatoka na futi yake ya kushonea. Akapima shavu la mguu wa kulia, kisha la kushoto. La kushoto limezidi inchi mbili, tena la moto. Alipolibonyeza, kidole kiliacha shimo.

“Hospitali nnakwenda, Bi Bahiya,” Talal akacheka. “Lakini kesho. Leo niliache biriani la harusi kwa ajili ya mguu?”

Bahiya hakucheka.

“Basi lala chali nikupime mzima, nijue sanda itakula yadi ngapi.”