Sifuri Moja

Karimi alifuta sifuri moja tu, akahifadhi kazi, kisha akamalizia chai yake. Ilikuwa imepoa, lakini aliinywa kwa raha zake.

Sifuri hiyo alikuwa ameiandika mwenyewe. Karakana yao pale Nkubu iliunda mashine za kuangulia vifaranga, na mwaka huo ilikuwa imenunua chipu za bei nafuu zisizojua namba zenye nukta. Zilijua namba nzima peke yake. Programu ya zamani ilijaa nukta, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kuiandika upya. Ndipo Karimi akaunda kisaidizi kidogo cha kukaa ndani ya kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya wataalamu kuwa amri za mashine. Kompaila ikikutana na nukta, kisaidizi kiliizidisha namba kwa kumi kwanza, ndipo kikaigeuza kuwa namba nzima. Nyuzi joto 37.7 zikawa 377, na hakuna kilichopotea njiani.

Sasa ile kumi ilikuwa imebaki moja, na mashine mpya ilipokea programu iliyogeuzwa upya kila usiku. 37.7 ingekatwa mkia iwe 37, na kioo cha mlangoni kingeendelea kudanganya watu kwamba ni 37.7, kwa sababu maandishi yake hayakupitia kwa kisaidizi. Majaribio yalikwisha kupita wiki iliyotangulia, na pale ofisini kazi ikishapita hakuna anayeigusa tena. Karimi alilelewa katikati ya kuku. Alijua yai likipungukiwa joto hilo dogo, kifaranga hukua polepole, akaota manyoya, kisha akachoka na kufia ndani ya ganda.

Aliyemfikisha hapo ni Njagi, mkuu wao wa programu. Siku moja alivuta kiti karibu naye, akaweka simu mezani.

"Nielezee hiyo kitu polepole, hata mama wa kijijini ashike," alimwambia. "Narekodi tu."

Karimi alieleza huku akiitazama ile simu. Kule Embu alikofanya kazi kwanza, bosi alimsikiliza hivyo hivyo, kisha akasimama mbele ya wageni na kudai kazi ya Karimi ni yake. Karimi alipiga makofi pamoja na wengine, halafu akaenda kulia chooni. Alikula kiapo kwamba hatalizwa mara ya pili.

Na kweli, dalili ziliongezeka. Wageni walipokuja kutoka mashamba ya Timau, Njagi alimtuma Karimi mjini Maua akatengeneze nyaya. Aliporudi alimkuta Njagi nyuma ya stoo akinong'ona na mchoraji wa mabango, nao walipomwona wakaanza kuzungumzia mvua. Mashine ya kwanza yenye chipu mpya ilikuwa imewekwa ukumbini na kufunikwa shuka, eti isionekane hadi Jumamosi ya sherehe, vifaranga watakapoanguliwa. Mayai yalikuwa tayari ndani. Njagi hakusema yametoka wapi, na Karimi hakujishughulisha kuuliza.

Jioni hizo hata nyumbani hakukumpa faraja. Mama yake alipopigiwa simu, kila mara alisema kuku wamegoma kutaga, hakuna hata yai la kuuza. Karimi alimtumia dawa ya kuku, akamwonea huruma. Wale kuku ndio waliomsomesha.

Siku tatu za mwisho kabla ya kuanguliwa mashine haifunguliwi kabisa, unyevu usitoroke. Kabla ya wakati huo, sifuri ingeweza kurudishwa. Karimi alifungua kisaidizi, akaweka kidole kwenye kibodi. Njagi akapita nyuma yake.

"Karimi, Jumamosi uvae vizuri," alisema akicheka. "Usiniangushe."

Basi Karimi akatuna kwa hasira. Anataka nipendeze nikimpigia makofi, aliwaza. Akafunga kompyuta, akaenda sokoni kununua gauni la kijani. Alilipa bila hata kubembeleza bei.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Wakulima walikuja na wake zao, vikundi vya akina mama vikaja na sare, na pasta akaomba sala ndefu hadi watoto wakaanza kugombana. Karimi alikuta kiti chake kimewekwa mbele kabisa, hatua chache kutoka kwenye mashine. Alikaa, akakunja mikono, akatega sikio. Siku kama ile ya kuanguliwa, mashine isiyo na kasoro ingekuwa inalia piyo piyo. Chini ya shuka kulikuwa kimya. Karimi alitabasamu, akamtazama Njagi akirekebisha tai yake.

Njagi alishika kipaza sauti. Alishukuru wageni, akamshukuru Mungu, akawachezea shere wakulima wanaosahau kununua umeme. Kisha akaugeukia mkutano na uso wa mtu aliyeficha zawadi kwa muda mrefu.

"Watu wanafikiri hii kazi ni yangu," alisema. "Mimi hata kuielewa nilielewa baada ya kumrekodi mwenye kazi akinielezea. Kwa hivyo mashine tumeipa jina la mama aliyeizaa."

Akavuta shuka. Mlangoni, kwa rangi nyekundu iliyochorwa kwa ustadi, palikuwa na neno KARIMI.

Watu wakasimama wakishangilia. Karimi peke yake alibaki kwenye kiti, na mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingizwa mama yake akiwa na leso mpya, akifuta machozi.

"Nisamehe nilikudanganya, mwanangu," alisema. "Kuku walikuwa wakitaga. Kila yai nililileta hapa."

Mama akaomba wamwachie nafasi kidogo kabla ya kufungua mashine. Akapiga magoti mbele ya mashine, akaweka sikio mlangoni, akainua kidole ili ukumbi wote unyamaze asikie vifaranga.